Usiseme Hewa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Daftari hili ni la binti yangu. Kaliacha katikati baada ya kukosana na mwalimu wake wa hesabu, nami sipendi karatasi zikae bure. Nitaandika ya kazini, maana nyumbani nikifungua mdomo tu binti anasema, "Mama, karakana tena?"

Karakana tena. Leo Bosi katangaza kwamba lile tangi kubwa lililolala nyuma ya ua kwa miaka tisa limepata mwenyewe. Shule ya bweni inalitaka la maji, na liwe limesimama kabla wanafunzi hawajarudi katikati ya Mei. Ndani lina kuta tatu za bati zilizooza. Zikatwe zote, kisha mishono ichomelewe upya kwa gesi, maana bati limekonda na umeme utalitoboa matundu. Tundu la kuingilia ni jembamba. Bosi akatupitisha macho mmoja mmoja kama fundi cherehani anayekadiria suruali, macho yakatua kwangu.

"Cheche," akasema, kwa jina wanaloniita hapa, "wewe utapita."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikwisha kuitaka kazi hiyo. Atakayelimaliza tangi ndiye atakayekuwa fundi mkuu. Kila mtu anajua fundi mkuu wa mwisho alifia humo humo. Alikufaje, hakuna anayesema. Ukiuliza, watu wanakumbuka ghafla kazi walizoziacha nusu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hakuna cha kuandika.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika hasira zikiwa bado moto. Mama Stoo ndiye anayetunza mitungi ya gesi, na ndiye mjane wa yule fundi mkuu. Hapa kwetu mtungi wa oksijeni tunauita hewa, na wa asetilini tunauita gesi. Ndivyo nilivyofundishwa, na hata Bosi husema hivyo. Lakini mbele ya dirisha la Mama Stoo huwezi.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Hewa na gesi, Mama."

Akafunga dirisha. Hivi hivi, kwenye pua yangu. Nikagonga.

"Sema jina lake."

"Ile ya bluu."

"Bluu hata ndoo yangu ni bluu. Jina lake."

"Oksijeni, Mama! Shikamoo oksijeni!"

Akafungua bila hata kutabasamu. Kisha akanifuata hadi kwenye benchi langu kama askari. Akaninusa mikono kama nina grisi, maana grisi na oksijeni hazipatani hata kidogo, zinaweza kulipuka pasipo moto. Akavuta mnyororo unaoshikilia mitungi ili aone kama imesimama sawasawa. Nilipofungua valvu akanisukuma bega nisimame pembeni, nisiikabili geji uso kwa uso. Akapaka povu la sabuni kila kiungo, akainama kutafuta mapovu, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Nina miaka kumi na moja katika kazi hii, mitano hapa. Najua kupaka sabuni.

Nilimwambia shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu. Akanituliza: "Shem, yule anahesabu mitungi kama wajukuu. Mwache tu."

Jumanne, 12 Machi

Tumeanza kuliosha tangi. Lilikuwa la maji tangu zamani, lakini Mama Stoo kaagiza lioshwe kwa sabuni, lijazwe, limwagwe, lijazwe tena. Safari hii sikubisha. Ukisikia mtu kachomelea pipa lililokuwa na mafuta bila kuliosha, usiulize siku hizi anafanya kazi wapi.

Mvua ilipokatika mchana, tangi lilishusha pumzi. Sijui niandikeje vinginevyo. Bati likipoa hulia, hilo najua. Hili halikulia. Lilivuta ndani taratibu, likakaa, likatoa.

"Umesikia?" nikamuuliza Shemeji.

"Nimesikia nini? Tumbo langu hilo."

Ijumaa, 15 Machi

Mama Stoo huandika kwa chaki, kwenye shingo ya kila mtungi, namba ya geji, yaani presha iliyobaki, tunapofunga kazi. Leo asubuhi sindano ya geji ya oksijeni ilikuwa chini ya namba ya chaki. Baridi huishusha kidogo, lakini si kiasi hiki. Tukapaka sabuni kila mahali. Hakuna povu hata moja.

Jumatatu, 18 Machi

Imeshuka tena.

Jumanne, 19 Machi

Imeshuka. Mama Stoo alifuta chaki, akaandika namba mpya, akasimama hapo akiutazama mtungi kwa muda mrefu. Sikumpenda alivyoutazama, kama mtu anayemwangalia mgonjwa aliyelala.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeingia tangini. Mkanda kiunoni, kamba imeunganishwa nao kwa kulabu, mwisho wa kamba mikononi mwa Shemeji nje. Feni imewekwa kwenye tundu inasukuma upepo ndani. Nilifungua kwanza gesi ya tochi ya kukatia, nikawasha, kisha nikaongeza oksijeni mpaka ulimi wa moto ukawa mweupe na mkali, nikakata ukuta wa kwanza. Moto ukiwa mzuri unaimba, nami nilikuwa nikiimba nao.

Mama Stoo hakusogea. Kati ya stoo na tangi kuna mtaro wa maji, hatua moja tu kuuvuka, na Shemeji anasema hajawahi kumwona akiuvuka. Alisimama upande wa pili na kupiga kelele: "Ukitoka, utoke na tochi yako! Usiache mpira humo, hata kwa chai!" Nilitoka nayo, nimenuna. Kuingiza na kutoa mipira ile ya gesi kupitia tundu lile ni kazi ya robo saa.

Jambo dogo: nikikohoa humo, mwangwi unakohoa mara mbili.

Alhamisi, 28 Machi

Ukuta wa kwanza umetoka. Bosi kapiga makofi, peke yake.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua siku tano mfululizo. Ua wote ni tope. Binti ana mafua. Oksijeni imeshuka.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeanza ukuta wa pili. Kadiri ninavyoingia ndani, mwanga wa tundu unabaki nyuma yangu, mdogo kama sahani. Leo nilikuwa nimezima moto nabadilisha miwani, nikasikia mtu anapumua upande wa kushoto. Pumzi nzito, ya mtu mnene aliyepanda ngazi. Nikajiambia ni feni. Nikamwita Shemeji azime feni kidogo. Akaizima. Pumzi ikaendelea, mara tatu, kisha ikanyamaza, kama mtu aliyegundua anasikilizwa.

Nilitoka. Nikasema nina kiu.

Ijumaa, 12 Aprili

Ukuta wa pili umetoka. Nikiwa pale nje najiosha masizi, nikamwona Mama Stoo kasimama ukingoni mwa mtaro, ncha za viatu zinagusa maji. Akaniuliza, "Kuna joto humo ndani?"

"La kawaida, Mama."

"Mwisho kabisa, kule kwenye kona, nako?"

"Sijafika kona."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi dirishani kwake. Nilimwona mchawi, Mungu anisamehe. Nilimwambia Shemeji kwamba huyu mama anajua kitu kilichomo humo na ndiye anayekilisha oksijeni yetu. Shemeji alicheka, ila safari hii alichelewa kidogo kucheka.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Bosi anauliza kila saa. Zimebaki wiki tatu na ushee.

Jumanne, 23 Aprili

Nitaandika polepole.

Mvua ilikatika asubuhi, likawaka jua la kuchoma. Saa tano nilikuwa ndani, nimebakiza shubiri moja ya ukuta wa tatu. Shubiri moja! Ghafla feni ikanyamaza. Umeme umekatika ua mzima. Sheria inajulikana: feni ikizima, zima moto, toka, na tochi yako mkononi. Nilizima moto. Sikutoka. Nilitaka kuutoa ukuta ule siku ile, nimwoneshe Bosi, niwaoneshe wote. Kiburi changu, sina wa kumlaumu.

Joto likapanda mara moja. Jasho likaniingia machoni, kifua kikabana. Nikapiga kelele: "Shemeji! Hewa! Nipe hewa humu!"

Nilimaanisha upepo. Apepee kwa bati, aondoe feni tunduni, chochote.

Haikuchukua muda, kitu cha baridi kikanigusa shingoni. Upepo mwembamba, mtamu, kama wa alfajiri baada ya mvua. Nikavuta pumzi hadi tumboni. Kichwa kikawa chepesi, nikajisikia nina miaka ishirini. Nikacheka peke yangu. Nikaishika tochi mkono wa kulia, nikafungua gesi, nikachukua kiwashio mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa tayari vimekibana.

Hapo mtu akasema, karibu kabisa na sikio langu la kushoto, sauti nzito ya kiume, ya upole:

"Ahsante. Sasa napumua."

Nikadhani ni Shemeji. Nikageuka kumuuliza unashukuru nini, wakati mimi ndiye niliyepewa. Palikuwa na giza na bati. Na nilipogeuka, vidole vikalegea kwenye kiwashio.

Ndipo kamba ikanivuta. Haikunivuta kama Shemeji anavyovuta. Ilinikwapua kiuno, nikaanguka chali, nikaburutwa juu ya mabati niliyokata mwenyewe. Nikafunga gesi huku naburutwa, mkono unafanya kwa mazoea. Mabega yakakwama kwenye tundu, nikavutwa tena, nikatoka na ngozi imechubuka.

Aliyeishika kamba alikuwa Mama Stoo. Amevuka mtaro. Kanga imelowa hadi magotini, kiatu kimoja hana. Shemeji kasimama pembeni, mdomo wazi, mkononi mpira wa bluu wa mtungi wa akiba, ameuingiza ndani ya tundu na valvu ameifungua hadi mwisho.

"Si kasema hewa?" akawa anasema. "Shem mwenyewe kasema nimpe hewa!"

Mama Stoo alifunga valvu. Hakumgombeza. Alikuwa ameiona sindano ya mtungi ule ikikimbia, na hakusikia moto ukiimba, basi akajua. Akanishika mkono, akanipeleka mbali, uwazini kwenye uzio, akanivua aproni na kuitundika upeponi. Shemeji akatia sigara mdomoni na kutoa kiberiti. Yule mama alimpiga kofi sigara ikaruka.

"Nguo zake zimekunywa oksijeni!" akapiga kelele. "Njiti moja tu anawaka mwili mzima! Unataka kumzika kwa sigara?"

Nilisimama pale uwazini zaidi ya nusu saa, nasubiri nguo zipigwe na upepo. Nilikuwa na kiwashio bado ngumini. Ningekibonyeza, humo ndani yote ingekuwa moto, na mimi katikati yake, huku nacheka.

Jumatano, 24 Aprili

Nilikwenda stoo kumshukuru. Akanipa kigoda.

"Jana ulisikia nini humo?"

"Nani kakwambia nimesikia kitu, Mama?"

"Ulitoka ukiuliza nani anashukuru."

Nikamwambia. Nilimsimulia maneno yenyewe. Alikuwa ameshika chaki. Aliiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ni yai.

"Nilikuwa msaidizi wake," akasema. "Mume ndani, mke nje, watu walizoea kututania. Feni iliungua mota. Akaniambia, mke wangu, nipe hewa. Na hewa hapa ni nini, mwanangu? Hata wewe siku ile dirishani, uliniomba nini? Nikampa. Kwa mkono huu. Akaniambia, ahsante, sasa napumua. Nikafurahi. Nilisimama pale nje nimefurahi kwamba nimemsaidia. Halafu akawasha."

Mvua ilianza tena juu ya paa.

"Wakasema gesi ilivuja," akaendelea. "Nikawaacha waseme. Miaka tisa nawafungieni dirisha, mnaniita kichaa. Afadhali kichaa."

Nililia. Nililia kwa aibu zaidi ya hofu, kwa yote niliyomwazia mama huyu na kuyaandika humu. Nimefikiria kuzichana zile kurasa. Nimeziacha, ziwe zinanisuta.

Alhamisi, 25 Aprili

Shemeji kaja asubuhi na mapema. "Shem, mimi na kamba basi. Nitabeba, nitafagia, nitachemsha chai. Kamba mpe mwingine." Hajatania mtu tangu juzi. Amewazungukia mafundi wote, mmoja mmoja, akiwaambia jina ni oksijeni, na hewa ni hii ya kupumua, basi.

Jumatatu, 29 Aprili

Siingii. Bosi anabembeleza, kisha anafoka, kisha anabembeleza.

Oksijeni haijashuka tangu siku ile. Chaki na sindano ziko pamoja kila asubuhi. Ningepaswa kufurahi.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zinapungua. Tangi limenyamaza kabisa. Nililigonga kwa kiganja leo, likatoa mlio mfupi, kama kitu kilichojaa.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwomba Mama Stoo ashike kamba.

Nilidhani atakataa. Aliniuliza tu, "Una uhakika, mwanangu?" Nikamwambia sina uhakika na mtu mwingine. Akafunga dirisha la stoo kwa ufunguo, akauvuka mtaro kwa kiatu kikavu, akaweka kigoda chake kando ya tundu.

Tuna mtindo wetu. Kila baada ya muda kidogo anauliza, "Upo?" nami najibu, "Nipo." Nisipojibu, anavuta bila kuuliza mara ya pili. Ile shubiri imekatika leo. Ukuta wa tatu umetoka.

Jumanne, 7 Mei

Mishono. Kazi imekwenda vizuri. Ila kuna jambo nimeligundua na sijui nimwambie nani. Mama Stoo akiuliza, "Upo?" nami nikijibu, haendelei na mambo yake. Anangoja. Anangoja muda wa kutosha jibu lingine kama langu. Ndipo anasema, "Haya."

Jumatano, 8 Mei

Leo nilihesabu. Kila mara. "Upo?" Najibu. Kimya. "Haya." Na hiyo "haya" ina upole ambao hajawahi kunionesha mimi.

Nilikuwa nikichomelea kona ya mwisho, ile aliyoniulizia. Ni kona tu. Masizi yaliyoganda hayakutoka hata kwa brashi ya waya, nikayaacha yalivyo, nikachomelea kando yake. Sikuogopa. Nilijisikia kama mtu anayefanya kazi chumba ambacho mtu mwingine amelala, nikawa natembea kwa vidole.

Alhamisi, 9 Mei

Jua. Nimemaliza mshono wa mwisho saa nane na robo. Nilifunga tochi, nikatoa mipira yote miwili, nikatoa nyundo na miwani, nikapapasa kona zote nione kama nimesahau chochote. Hakuna kilichobaki. Nikapita kwenye tundu nikatoka, nikaifungua ile kulabu ya kamba kiunoni, nikaiachia ikaning'inia ndani, na nikaenda bombani kunawa uso.

Bosi alikuwa keshafika, anazunguka tangi akiligonga gonga, ananiita fundi mkuu kwa sauti ili kila mtu asikie. Shemeji kachemsha chai. Watu wakanipa mikono. Nilipogeuka nimtafute Mama Stoo nimshukuru, nikaona hajaondoka kwenye kigoda.

Alikuwa ameinamia tundu, kamba mikononi.

"Upo?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimwambie, Mama, niko huku, nimeshatoka. Sikuweza. Alikuwa anangoja, uso umeinama, kama mtu asiyetaka kukosa neno. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Kazi imekwisha. Toka na wewe sasa."

Akaanza kuvuta, mkono baada ya mkono. Nilijua hakuna kitu kwenye ile kulabu. Lakini kamba ilikuwa imenyooka kutoka mikononi mwake mpaka gizani, na vifundo vya vidole vyake vimekuwa vyeupe, na miguu yake mizee inateleza topeni, hana nguvu za kutosha.

Bosi alikuwa bado anaongea. Nikaweka kikombe chini, nikaenda nikashika kamba nyuma yake.

Ilikuwa nzito. Tukavuta.